Haragwe Nililolificha

Jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya mabati ya mtaa wetu wa Majimbo nilipotoka nyumbani na kibuyu kwapani kwenda dukani kwa Hidaya. Kibuyu kitupu. Nilikuwa nimekiosha na kukikausha mpaka ndani, maana niliwajua wanawake wa chama chetu. Watakinusa. Cicily peke yake anaweza kusimama barabarani, avute pumzi mara moja, akuambie jirani yako amepika nini na mafuta ameyaomba kwa nani.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Tulikuwa tunaenda kubuku feri.

Mjukuu wangu Gatakaa, binti ya kijana wangu Muthomi, ni mwalimu kule Lamu. Ameolewa na Jumaa, mpwa wa Hidaya huyu mwenye duka. Ndoa hiyo ilivyozungumzwa hapa Embu, nikianza kueleza hatutamaliza leo. Na aliyeizungumza zaidi ni mimi, kwa hivyo tuendelee. Gatakaa alijifungua msichana, na Jumaa, Mungu ambariki, akakubali mtoto apewe jina langu juu ya lile la dini yao. Karwirwa. Karwirwa mdogo.

Ukipewa mtoto wa jina lako, lazima uende. Unampokea mikononi, unamtemea mate kidogo ya baraka kifuani, unamwambia karibu. Hakuna anayeweza kukufanyia. Chama chote kikasema kitanisindikiza, na unga wa uji, na ndizi, na njahi, yale maharagwe meusi ya kumrudishia mzazi nguvu. Basi mpaka Mokowe, halafu feri mpaka mjini Lamu. Shukri, kaka yake Hidaya, ambaye ndiye anayepanga vyombo kule, anasema ile si feri, ni boti. Ajisemee. Sisi watu wa mlimani, chochote kinachobeba watu juu ya maji ni feri.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu aibu yangu inaanzia hapa.

Nilikuwa nimewaambia wanawake wale kwamba mimi maji hayo nimeshayavuka. Zamani, na marehemu mume wangu Muthamia. Niliwaeleza mawimbi. Niliwaeleza samaki alivyo mtamu akitoka tu baharini, mimi ambaye samaki hata kumtazama siwezi. Angeline, mwenyekiti wetu, akasema, "Basi Mama Muthomi ndiye atatuongoza." Wakapiga makofi. Haki ya Mungu, maji makubwa niliyowahi kuvuka ni ya mto Rupingazi, na hapo kuna daraja.

Na si kwamba sikuwahi kupata nafasi. Niliogopa.

Bibi yangu aliyenilea Githongo ndiye aliyenitia woga huo. Wazee wa Meru husimulia kwamba tulitoka nchi ya majini, Mbwaa, upande huohuo wa Lamu, tukatoroka usiku tukavuka. Kila mlango wa ukoo una namna yake ya kuisimulia. Bibi yangu alikuwa na yake, na aliisimulia akiwa ameugeuzia ukuta uso. Alisema maji yalikataa kupitisha watu mpaka yapewe mtu. Watu wakatazamana. Kulikuwa na mwanamke mwenye mtoto mchanga, hana mume, hana ndugu wa kumsemea. Wakamtoa mtoto mgongoni, wakampitisha mkono kwa mkono mpaka ng'ambo. Mama mtu wakamwacha hapo, maji yakiwa shingoni. Walipofika nchi kavu mzee mmoja akaanza kuhesabu watu. Alipofika mwisho akanyamaza. Wote wakatazama chini.

"Ndiyo maana watu hawahesabiwi," bibi alisema. "Wengine watakuambia ni mkosi. Si mkosi. Ni aibu. Na mtoto yule ndiye aliyezaa mlango wetu. Wewe usiyakaribie maji yale, Karwirwa. Huyo bado anaangalia nyuso."

Nilikuwa mtoto. Lakini maneno kama hayo hayaondoki.

Basi dukani kwa Hidaya tukaingia chumba cha nyuma, kile cha kuwekea magunia. Adhana ya Magharibi ilikuwa imekwisha na Hidaya ametoka kuswali, mtandio bado kichwani. Benchi refu limekaa kando ya ukuta. Angeline akakaa mlangoni kama kawaida yake, ili amwone kila anayechelewa. Wengine wakafuata. Cicily. Halafu mimi, mwishoni kabisa. Baada yangu yalikuwa magunia ya mchele tu.

"Cucu," Hidaya akaniambia, maana huniita bibi kama Gatakaa anavyoniita, "Shukri anataka idadi kamili. Kila mtu na jaketi lake la kuelea. Akipelekewa nusu nusu, askari wa gatini hawawaachi mpande."

"Idadi tutampa," nikasema.

"Basi si niwahesabu tu? Mmoja, wawi..."

"Weh!" Wanawake wote kwa pamoja. Angeline akaruka akamshika Hidaya kidole alichokuwa ananyooshea watu. "Unataka kutumaliza?"

Hidaya akacheka. Amezaliwa hapa Embu, desturi zetu anazijua kuliko wajukuu wetu, lakini hupenda kututania. Akaleta debe la maharagwe ya nyayo, yale mekundu, kila mwanamke akachukua moja. Hivyo ndivyo tunavyofanya. Kibuyu kinazunguka, kila mtu anaingiza mkono na kuacha haragwe lake. Halafu yanamwagwa, yanahesabiwa maharagwe. Watu wanabaki salama.

"Tunaanza na kwenda," Angeline akasema. "Halafu tutazungusha tena ya kurudi, maana wengine mna ndugu Mombasa."

Kibuyu kikaanza kuja. Nilikuwa nimeshapanga. Haragwe langu sitaliweka. Nitakuwa sijabukiwa, siku ya safari jaketi litapungua, nitasema haya basi, nendeni, mimi nitakuja siku nyingine. Nitaonekana mwanamke mkarimu. Nitapewa pole.

Kibuyu kilipofika katikati ya benchi, stima ikapotea.

Majimbo yote ikasema "aaah" kwa sauti moja, halafu kimya. Giza la chumba kisicho na dirisha.

"Endeleeni, endeleeni," sauti ya Angeline. "Mikono haihitaji taa."

Cicily akaniwekea kibuyu mapajani. Nikaingiza mkono, nikagonga kwa ukucha. Ti. Wasikie. Haragwe langu nikalibana kwenye ngumi. Nikajicheka moyoni.

Halafu mtu upande wangu wa kulia akakivuta kibuyu.

Taratibu. Kwa adabu. Nikakiachia, kama mtu anavyoachia sahani inapopitishwa mezani. Vidole vyake vikagusa vyangu... Baridi. Si baridi ya mtu aliyetoka nje jioni. Baridi ya kitu kilicholala ndani ya maji siku nyingi, kikalainika.

Nikasikia haragwe likiangushwa. Halikusema ti.

Lilisema chubwi.

Ndani ya kibuyu nilichokausha mwenyewe.

Kibuyu kikarudi mapajani pangu. Na hapo ndipo nilipokumbuka.

Mimi nilikuwa wa mwisho kwenye benchi.

Sikupiga kelele. Harufu ikanifikia, ya chumvi, na kitu kama majani yaliyooza, na chini yake... maziwa. Maziwa ya mama yaliyochacha kwenye nguo. Halafu sauti, karibu na sikio, kwa Kimeru cha zamani ambacho sijakisikia tangu bibi yangu afe.

"Kama huendi... nitakwenda."

"Nani anasema huko mwisho?" Angeline akauliza. Akawasha tochi ya simu.

Kulia kwangu hapakuwa na mtu. Magunia tu. Lakini gunia la juu lilikuwa limebonyea, kama limekaliwa, na pale lilipobonyea limelowa.

Hidaya akaleta sinia, nikamwaga. Maharagwe yakatawanyika. Mekundu, mekundu, mekundu... na moja jeusi. Njahi. Nyeusi yenye ule mstari mweupe kama jino. Ilikuwa inang'aa kwa maji.

Cicily akaiona kabla hata haijatulia.

"Na hii je? Si tulisema nyayo?"

Wote wakageuka. Wakamtazama nani? Mimi. Mimi niliyewahi kumtia Angeline chura kwenye mkoba. Nani mwingine?

"Karwirwa huyo," mmoja akasema. "Hawezi kukaa dakika bila mchezo."

Na mimi, nikiwa na haragwe langu jekundu ndani ya ngumi, nilifanya nini? Nilicheka. Nikasema, "Njahi si ndiyo chakula cha mzazi? Nikaona niweke ya baraka."

Hidaya aliichukua ile njahi akaipeleka puani. Uso ukambadilika.

"Cucu, umeitoa wapi? Inanuka mwani."

"Mwani ni nini?" Cicily akauliza.

"Majani ya baharini. Wallahi, ni kama nimesimama gatini kwa kaka yangu."

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Naijua ile nafasi. Ilikaa wazi mbele yangu kama mlango. Lakini kusema ni kufungua ngumi. Nikifungua ngumi, wataona haragwe, na wakiona haragwe watajua kwamba mimi, kiongozi wa msafara, mvukaji mkuu wa bahari, naogopa maji. Nikaibana zaidi. Ukucha ukaingia kwenye nyama.

Kibuyu kikazunguka mara ya pili, ya kurudi, safari hii kwa tochi. Nikagonga tena kwa ukucha. Ti. Upande wa kulia hakuna aliyevuta kitu. Hidaya akamwaga, akapanga, akapanga tena.

"Hayalingani. Ya kurudi yamepungua moja."

"Nani harudi?" Angeline akauliza.

"Kuna mtu ameshapata bwana Lamu kabla hajapanda gari," Cicily akasema, na wote wakaangua kicheko. Halafu kicheko kikaisha, na macho yakaja palepale yanapokuja siku zote.

"Mama Muthomi?"

Aibu ina haraka sana. Kabla sijafikiri, mdomo ulikuwa umeshasema.

"Ni mimi. Nitabaki na mtoto."

Wakapiga vigelegele! Hidaya akalia kabisa, akanishika mikono, akasema Gatakaa amepata bibi kweli. Nikatabasamu kama mtu anayepigwa picha. Na nyuma yangu, juu ya magunia, nilisikia pumzi ndefu ikitoka... kama ya mwanamke aliyebeba kuni kutoka mbali sana, na sasa ameambiwa atue.

Hidaya alimpigia Shukri simu hapohapo. Akamtajia idadi mbili, ya kwenda na ya kurudi. Sizitaji hapa. Jambo likawa limebukiwa.

Siku ya safari niliamka kabla yao nikapanda gari la kwenda Meru, nikateremkia njia ya Githongo, kwa kaka yangu Salesio. Nikamwambia nimekuja kuona kahawa. Simu nikaizima. Nilijua watanitafuta, watanitukana, Cicily atapiga mpaka kidole kimuume. Wacha wapige. Nikirudi nitasema tumbo.

Nilikaa kwa Salesio nikinywa chai na kusikiliza umbea wa Githongo, na umbea haukuwa na ladha. Kila nikinawa mikono nilikuwa naigeuza kuitazama. Mwisho nikawasha simu ili nihesabu matusi.

Hakuna.

Hakuna aliyepiga. Hakuna ujumbe. Hata "uko wapi" hakuna. Chama kizima kimepanda gari, kiongozi hayuko, na hakuna aliyeuliza. Niliumia. Nikajiambia, Karwirwa, kumbe ndivyo unavyopendwa. Wamefurahi kukuacha.

Laiti ingekuwa hivyo.

Nilirudi Majimbo jioni, najificha kwa leso kama mwizi wa kuku. Kwenye bomba la maji, nani? Cicily, na mtungi wake. Amechomwa na jua mpaka pua inabambuka. Aliponiona aliweka mtungi chini.

"Karwirwa! Umerudi lini? Si ulisema unabaki?"

Nikafikiri ananikejeli.

"Cicily, usinianze. Tumbo lilinishika."

"Tumbo? Baada ya sisi kuondoka? Nilijua. Ni yule samaki. Nilikuambia usimle mbichi."

"Samaki gani?"

"Usijifanye." Akaangalia kushoto na kulia, akanisogelea, akashusha sauti. Cicily akishusha sauti ujue ana huruma, na huruma yake ni mbaya kuliko matusi. "Sikiliza dada yangu. Mimi sikumwambia mtu. Na Angeline pia hakumwambia mtu. Sisi wote tunazeeka."

"Mnazeeka nini?"

"Zile nguo."

"Nguo gani?" nikauliza.

"Tangu hapa Embu ulikuwa umelowa, Karwirwa. Kiti cha basi kililowa. Tukajua ni... ni mambo ya uzee. Angeline akatuambia, mtu asimtazame, mtu asimwaibishe. Kwa hivyo tulitazama dirishani safari nzima. Ukajifunika leso uso, tukasema maskini, anaona aibu. Hukusema neno, wewe! Hata kwenye ile feri. Wengine tunalia tunaita Yesu, wewe umekaa mwisho kabisa, mkono ndani ya maji, unayapapasa kama unapapasa ng'ombe."

Bomba lilikuwa limeachwa wazi. Maji yalimwagika miguuni petu, na hakuna aliyelifunga.

"Na mtoto?" nikauliza. Sauti haikuwa yangu.

"Si ulimpokea wewe wa kwanza? Gatakaa alikupa mikononi. Ulimbana pale kifuani, hukumtemea mate, ukamnusa tu. Ukamnusaaa... Tukasema heri tuwaache." Akanigusa bega. "Ulipataje gari la kurudi peke yako, jamani?"

"Nilipata," nikasema.

Hata hapo. Hata hapo, wasomaji wangu, nilisema nilipata.

Nilikimbia nyumbani, kama miguu hii inaweza kuitwa ya kukimbia. Nikampigia Gatakaa. Simu ikaita, ikaita.

"Cucu?" Akacheka. "Mbona unanipigia na uko hapo nyuma?"

"Nyuma wapi?"

"Si unamwogesha mtoto."

Nyuma ya sauti yake niliyasikia maji. Yakichotwa, yakimwagwa. Yakichotwa, yakimwagwa. Mtoto halii. Mtoto anayeogeshwa hulia, watoto wote hulia.

"Gatakaa, mama. Huyo si mimi."

"Cucu na mizaha yako! Umejifunza lini kuwa na simu mbili?" Halafu akapunguza sauti. "Lakini kweli cucu, kwa kuwa tunaongea hivi... Unamwogesha sana. Asubuhi, mchana, jioni. Mama yake Jumaa ameanza kusema. Na maji ya bomba yapo, kwa nini uyachote baharini? Na hayo ya kwamba mwezi ukijaa utamvusha mtoto ukamwonyeshe kwao. Kwao wapi? Kwao si hapa?"

"Nenda umtazame uso," nikasema. "Mwangalie uso sasa hivi."

Kisha akasema polepole, kama anayekanyaga miiba:

"Siwezi, cucu. Usinifanye niseme. Ni zile nguo zako... Kila mtu humu ndani anajifanya haoni. Nikikutazama nitakuaibisha."

"Niaibishe! Niaibishe, Gatakaa, nenda ufunue hiyo leso!"

Maji yakaacha kumwagwa.

Nikasikia sauti ikimwita kutoka mbali, taratibu, kwa upole, sauti ya kikongwe wa Githongo. Ilikuwa sauti yangu. Nzuri kuliko yangu, kwa kuwa haikuwa na uchokozi wala uongo ndani yake.

"Naitwa," Gatakaa akaniambia. Akacheka kidogo, akajirekebisha. "Yaani unaniita. Haya, tuonane hapo." Akakata.

Nilipiga tena. Haikuingia.

Nikalitafuta haragwe langu. Nilikuwa nimelificha kwenye kopo la majani ya chai, juu ya kabati, tangu jioni ile. Sikulitazama. Nilitia tu mkono, nikalikamata, nikatoka.

Hidaya alikuwa anafunga duka. Nikamsukuma ndani, nikamweleza yote. Muthamia na safari ambayo haikuwepo. Ukucha. Ngumi. Mkono uliotoka kwenye magunia. Bibi yangu na ukuta. Alisikiliza akiwa amesimama, midomo ikimtembea kwa dua. Nilipomaliza hakuniambia mimi ni mwongo. Afadhali angeniambia.

"Kwa nini hukusema siku ile, cucu? Nilikuwa na ile njahi mkononi mwangu. Nilikuuliza."

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini?"

Ilikuwa aibu kubwa sana, iliyojaza chumba kile chote, na sasa nilipotaka kumwonyesha sikuona hata pa kuishika. Ya kuogopa maji. Basi. Mwanamke mzima wa Meru ameogopa maji.

"Nibukie feri," nikasema. "Mwezi haujajaa. Kesho nikipanda basi nitawahi."

Akawasha simu, akaiweka sauti juu, mezani kati yetu. Shukri akaitika. Nyuma yake bahari ilikuwa inapiga ukuta wa gati, na mimi, niliyedai kuijua sauti hiyo, nikashtuka kama mtoto.

"Ni mama wa Embu," Hidaya akamwambia. "Cucu yake Gatakaa. Anataka nafasi ya kuvuka kutoka Mokowe."

"Huyo si yuko hapa Lamu?" Shukri akasema. "Nimemwona leo asubuhi na mtoto, wamekaa kwenye ngazi za gati."

Hidaya akafumba macho. "We bukia tu, Shukri. Kwenda."

"Haya. Kwenda. Na kurudi?"

Hidaya akanitazama. "Na kurudi, cucu?"

Nikafungua ngumi juu ya meza. Haragwe langu jekundu, lililokaa siku zote hizo ndani ya majani makavu ya chai, lilikuwa limelowa chepechepe. Limevimba. Ganda limepasuka, na chipukizi jeupe limechungulia.

Sikuwahi maishani mwangu kuhesabu watu. Sikuwahi kuhesabu watoto wangu, wala wageni, wala waliokuja kumzika Muthamia. Lakini nilimwona yule mzee wa bibi yangu, amesimama nchi kavu, amefika mwisho wa hesabu yake, amenyamaza. Nikasema sitanyamaza.

"Kurudi, wawili," nikasema kwa nguvu, ili anayesikia asikie. "Mimi na mtoto."

Simu ikakwaruza.

"Semeni vizuri," Shukri akasema. "Wawili ama watatu?"

"Wawili," Hidaya akasema. "Amesema wawili."

"Nimemsikia huyo. Nauliza kwa sababu ya yule mwingine, huyo mama aliye pale nyuma yenu. Yeye anasema watatu."

Hidaya hakugeuka. Mimi pia sikugeuka. Tulibaki tunatazamana, mikono yetu juu ya meza, na nyuma yetu, kwenye magunia ya mchele, tone moja la maji likaanguka sakafuni.